Michezo Isifukuzwe, Mashini Zifunguliwe



Muhula huu neno ni moja tu uwanjani: chumba cha kompyuta. Wengine wanasema kifungwe, juu wanafunzi wanacheza michezo tu na kumaliza umeme wa betri za sola. Wengine wanasema zile mashini zimezeeka, tuombe mpya. Sisi viongozi wa wanafunzi tumeketi, tumesikiliza pande zote mbili, na hatukubali hata moja.

Kwanza tuelewane. Kompyuta bila mfumo wa kuiendesha ni sanduku la chuma tu. Mfumo ndio kapita wa mashini: unagawa kazi, unasema programu gani itangulie, ipi ingoje. Wengi wetu tunajua kapita mmoja, Windows. Sasa Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kumbukumbu ya GB 4 na chipu ya usalama ambayo mashini za zamani hazina. Ndiyo maana watu wanasema zetu zimekufa. Hazijakufa! Ni kapita amezikataa.

Kuko kapita mwingine, Linux. Aliyeianzisha mwaka 1991 ni Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki huko Finland, mwenye miaka 21. Hakuifungia kwake: alitoa maandishi yake, watu wa dunia nzima wakatengeneza pamoja naye. Mtu asituambie ni mambo ya mbali. Simu za Android tunazozinunulia mega sokoni Baraka zina Linux ndani. Na Ubuntu, aina moja ya Linux, ilianzishwa mwaka 2004 na mtu wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth. Jina hilo maana yake ni utu.

Kwetu huku itasaidia nini? Moja, ni bure na ni halali. Asubuhi tunafundishwa amri ya nane, mchana tunaweka Windows ya kuiba. Inafaa hivyo? Mbili, virusi. Kila mtu anajua: unapeleka kle kwenye sekretariati kuchapisha kazi, inarudi mafaili hayaonekani. Ukiichomeka kwenye Linux, mara nyingi unayakuta yote, juu virusi vilikuwa vimeyaficha tu. Tatu, intaneti ni ghali. Kwa programu ya Kiwix, Wikipedia yaweza kuwekwa ndani ya mashini na kusomwa bila mega hata moja.

Tuje kwenye michezo, penye kelele. Kucheza karata za Windows tangu saa nane mpaka saa kumi hakumfundishi mtu kitu. Hapo waalimu wana haki. Lakini kuko michezo ambayo maandishi yake yako wazi. Mmoja ni Luanti, zamani ukiitwa Minetest, ulioanzishwa mwaka 2010 na Perttu Ahola, naye pia wa Finland. Unajenga nyumba na milima kwa vipande. Sheria zake nyingi zimeandikwa kwa Lua, lugha ya kompyuta iliyozaliwa Brazili mwaka 1993. Mwanafunzi akitaka mtu wake aruke juu zaidi, aandike mistari michache. Akikosea nukta moja, mchezo unakataa, anarudi kutafuta kosa. Huyo anacheza, ao anasoma? Sisi tunaona anafanya yote mawili.

Waalimu watatujibu: Exetat haiulizi Linux, na maofisi ya Baraka yanataka Word. Ni kweli. LibreOffice inafungua kazi za Word, lakini pengine jedwali linahama mahali pake. Tena mtu asiyejua anaweza kufuta diski nzima. Kwa hiyo hatusemi Windows iondolewe pote.

Tunaomba hivi: mashini mbili tu, zile nzee kupita zote, zisizo na alama wala karatasi za shule, ziwekwe Linux. Kabla ya kuiweka ijaribiwe kwa kle, bila kugusa diski. Kila Jumamosi kundi dogo lifanye kazi pale pamoja na mwalimu mmoja. Anayetaka kucheza aonyeshe kwanza alichobadilisha. Betri ikishuka, kazi imekwisha, hakuna maneno.

Sisi wafinalisti tutaandika Exetat na kwenda zetu. Mashini hizo hazitatusaidia tena. Tunasema kwa ajili ya wadogo zetu. Leo mashini ikikwama tunaipakia kwenye pikipiki, tunalipa fundi, nayo inarudi bila sisi kujua alifanya nini. Kutoka Fizi mpaka Baraka mashirika na maofisi yanatafuta watu wa kutengeneza. Chumba kikifungwa, watatoka wapi?

Ni sisi,
Viongozi wa wanafunzi, darasa la mwisho