Wahunzi wetu wanakosa chuma



Nina maoni kuhusu biashara ya vyuma chakavu, ambayo siku hizi imefika mpaka vijijini kwetu huku Mpanda.

Siipingi biashara hiyo. Najua vyuma hivyo hupelekwa viwandani vikayeyushwa na kuwa nondo, na nondo ndizo zinazojenga madarasa yetu. Ninalosikitikia ni kwamba lori likiondoka kijijini linaondoka pia na riziki ya mhunzi.

Mhunzi wetu hanunui chuma kipya dukani. Majembe, mashoka na mundu anazofua hutokana na springi za magari mabovu. Zamani springi ililala nyuma ya nyumba ya mtu miaka na miaka, mhunzi akaipata kwa kumfulia mwenyewe shoka moja. Sasa inapimwa kwa mizani na fedha hutolewa papo hapo. Hata watoto wa shule wanaokota. Sisi walimu tuliibiwa rimu ya gari tuliyokuwa tukiigonga kama kengele, tukapuliza filimbi muhula mzima!

Wako watakaosema, mhunzi na aache, majembe yamejaa madukani. Ndugu hao wakumbuke yaliyotokea kwa jirani zetu wa Ufipa, katika Mkoa wa Rukwa ambao sisi pia tulikuwa ndani yake hadi mwaka 2012. Wafipa walijenga matanuri ya udongo yaitwayo malungu, marefu kuliko mtu, kiasi cha mita 3. Ilungu lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Mawe ya chuma na makaa vilipakiwa humo, moto ukawaka siku kadhaa. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Tanuri liliheshimiwa kama bibi harusi, na wayeyushaji walikuwa na miiko yao. Profesa Bertram Mapunda, mtaalamu wetu wa mambo ya kale, ameandika mengi juu ya kazi hiyo. Na huko Kagera imethibitika kwamba chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Malungu yalizimika wakati wa ukoloni, majembe ya Ulaya yalipoenea. Waliosalia ni wafuaji, kwa sababu wao waliweza kuishi kwa mabaki ya chuma cha kigeni. Nusu ya kwanza ya ufundi ilikufa kwa kuletewa chuma. Naona nusu ya pili itakufa kwa kuchukuliwa chuma.

Tena jembe la dukani halimalizi haja. Mpini ukilegea, plau ya ng'ombe ikivunjika katikati ya msimu, au shoka likikataa kushika makali, anayejua jinsi ya kulichovya majini likiwa na wekundu unaofaa ni mhunzi huyo huyo. Ujuzi huo haumo katika kitabu chochote nilichofundishwa chuoni.

Ningependekeza halmashauri zetu, zinapotoa vibali kwa wanunuzi, ziweke sharti kwamba springi zitolewe kwanza kwa wahunzi wa kijiji kwa bei ile ile ya kilo. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, iwafikie na huku, si mjini tu. Na kwa kuwa mtaala mpya umeleta mkondo wa amali katika sekondari, sioni kwa nini mzee anayefua chuma chini ya mwembe asiitwe kuwaonyesha vijana, akalipwa posho kama mkufunzi mwingine.

Mzee wetu alikuwa na wanafunzi wawili. Mmoja sasa anasukuma mkokoteni wa vyuma chakavu. Wiki iliyopita alipita na mkokoteni wake mbele ya kibanda cha mwalimu wake, umejaa springi, naye mzee amekaa tu, makaa yamepoa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mpanda, Katavi.