Argoni Haikukaa Bwete, Kiswahili Kikae?

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na siasa, na kwamba kikifika mlangoni mwa maabara hakina budi kukipisha Kiingereza. Dai hili halina mashiko. Mfano mmoja wa kemia unatosha kulipinga.

Atomu za molekuli hazitulii, hutetema. Aina nyingi za molekuli hufyonza miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, kila moja kwa mujibu wa mitetemo yake. Miale iliyofyonzwa basi huwa kitambulisho chake. Tatizo ni kwamba baadhi ya molekuli hazidumu. Zikigusana na nyingine hubadilika. Mnamo 1954, George Pimentel na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipendekeza njia ya kuzinasa. Molekuli chache huchanganywa na gesi nyingi isiyoingiliana nazo, mathalani argoni, kisha mchanganyiko hugandishwa kwa baridi kali. Kila molekuli hubaki pekee ndani ya fuwele, mithili ya mdudu ndani ya sandarusi, ikachunguzwa kwa utulivu.

Argoni yenyewe ilipewa jina la Kigiriki lenye maana ya mvivu. Tangu igunduliwe mnamo 1894, ilihesabiwa kuwa gesi isiyoungana na elementi nyingine. Mnamo 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akiwemo Markku Räsänen, waligandisha floridi ya hidrojeni ndani ya argoni, takriban nyuzi 266 za selsiasi chini ya sufuri, wakaimulika kwa miale ya urujuanimno, kisha wakaipasha joto kidogo. Mitetemo mipya ikajitokeza. Walipotumia argoni ya uzito tofauti, mitetemo hiyo ilisogea. Ikabainika kwamba ile gesi mvivu ilikuwa imeungana na hidrojeni na florini.

Hayo yote yameelezeka kwa Kiswahili. Maneno ya mkopo yamo, lakini hata Kiingereza kiliikopa argoni kwa Wagiriki. Na kwa gesi ya namna hiyo Kiswahili kina neno lake, bwete. Kilichopungua si msamiati bali waandishi. Katika shule za upili nchini Kenya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi asiyeimudu lugha hiyo hudhaniwa haimudu kemia. Wanafunzi wa Kiswahili na wa sayansi hawana budi kuketi meza moja na kuandika. Lugha haikosi uwezo, hukosa kutumiwa.