L'Eco di Bergamo: gazeti lililohesabu wafu wa kwao

Tarehe 13 mwezi wa tatu 2020, wakaaji wa Bergamo, kaskazini mwa Italia, walifungua gazeti lao na kukuta kurasa 10 za matangazo ya vifo. Mwezi mmoja kabla, matangazo hayo hayakujaza hata kurasa mbili. Korona ilikuwa imeingia, na watu wengi walijua ukubwa wa msiba kupitia kurasa hizo.

Gazeti hilo ni L'Eco di Bergamo. Lilianzishwa na Wakatoliki mwaka 1880, na mpaka leo liko karibu na Kanisa la huko. Kazi yake ya kila siku ni mambo ya nyumbani: vijiji, parokia, barabara, timu ya Atalanta, ndoa na mazishi. Kuna waandishi wanaodharau habari za namna hiyo. Sisi tunaona ndizo zilizolipa gazeti hilo nguvu.

Hesabu ya serikali ilionyesha kwamba korona iliua watu 2.060 katika jimbo la Bergamo mwezi ule wa tatu. Lakini hesabu hiyo ilishika tu waliopimwa. Wengi walifia nyumbani ao katika makao ya wazee bila kupimwa. L'Eco, pamoja na shirika la utafiti InTwig, likauliza komine moja moja: mwezi huu mmezika wangapi, na mwaka jana mlizika wangapi? Jibu likatoka: waliouawa na korona walikaribia 4.500, zaidi ya mara mbili.

Komine zilijibu kwa sababu aliyeuliza alikuwa anajulikana. Imani hiyo haikupatikana kwa siku moja. Ilijengwa kwa miaka 140, tangazo kwa tangazo.

Kwetu Kivu na Ituri, kila baada ya shambulio ao ugonjwa wa mlipuko, kila upande unatoa hesabu yake, na kesho yake tunaisahau. Majina ya wafu yanabaki kwa familia peke yake. Radio zetu za kijamii na magazeti yetu hayana pesa za Italia, ni kweli. Lakini kuuliza shefu wa mtaa, parokia, msikiti na kituo cha afya, kisha kuandika jina, umri na kijiji, hakuhitaji pesa nyingi. Kunahitaji kurudi kila siku. Mtu aliyeandikwa jina ni vigumu kumkana.