Kompyuta Zetu Si Mbovu, Zimechoka Kupanda Mlima



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotusumbua sote tuingiao chumba cha kompyuta. Imekuwa desturi sasa, mashine ikikwama, mtu kuipiga kofi la ubavuni na kusema, "Hii mbovu." Na tumesikia ya kwamba zile kompyuta 12 zenye kumbukumbu, yaani RAM, ya gigabaiti 2 huenda zikatolewa na kutiwa stoo. Nathubutu kusema kwamba hilo litakuwa kosa. Sisi wa Kidato cha Nne tusomao somo la kompyuta tuna mtihani wa vitendo mbele yetu, na hata leo twakaa watatu watatu kwa mashine moja. Zikitolewa zile, tutakaa sita.

Kwetu ni Igogo. Msomaji aliyefika Mwanza anajua jinsi nyumba za huko zilivyokaa juu, kati ya mawe, hata mtu hupanda kwa ngazi na vijia. Mama yangu mdogo huuza dagaa chini, kando ya barabara, na meza yake ni ndogo. Magunia yakiwa mengi, hapana budi mengine yapandishwe nyumbani, na mteja akiyataka yashushwe tena. Likizo zote mpandishaji na mshushaji ni mimi, kwa hiyo nasema nilijualo.

Basi kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Kumbukumbu ndiyo meza, diski ndiyo nyumba ya mlimani. Meza ikijaa, mfumo endeshi hutazama ni kitu gani hakijaguswa kwa muda, ukakipandisha kwa vipande vya kilobaiti 4, viitwavyo kurasa, mpaka sehemu ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo. Sehemu hiyo yaitwa swapu. Tofauti ni kwamba mlima wa kompyuta ni mrefu kuliko wa kwetu. Kumbukumbu hujibu kabla ya sehemu moja ya milioni ya sekunde kupita, lakini diski ya kuzunguka, kama hizi zetu, yaweza kuchukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Safari moja ya diski, basi, ni zaidi ya safari 10,000 za kumbukumbu. Ndiyo maana taa ya diski huwaka bila kupumzika na kishale hakisogei.

Ujanja huu si wa jana. Katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kompyuta iliyoitwa Atlas ilizinduliwa tarehe 7 Desemba 1962, siku mbili tu kabla Tanganyika haijawa Jamhuri. Kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa na nafasi za maneno 16,384, na nyuma yake palikuwa na pipa la sumaku lenye nafasi 98,304. Mashine yenyewe ilihamisha kurasa huku na huku, mwandishi wa programu asishughulike. Kwa meza ile ndogo walifanya hesabu kubwa za sayansi, nasi tuna gigabaiti 2 twalia!

Sasa niseme kosa langu. Muhula uliopita nilisikia kwamba swapu ndiyo mchawi, nikaizima kabisa katika mashine moja bila kumwuliza mtu. (Mwalimu amekwisha kunisamehe.) Siku mbili mashine ilikimbia, nikajiona fundi. Siku ya tatu mwanafunzi wa Kidato cha Pili alifungua jedwali lake pamoja na kurasa nyingi za intaneti. Meza ikajaa, pa kupandishia mzigo hapakuwapo, na Linux ikafanya kama ilivyofundishwa: ikachagua programu iliyoshika nafasi kubwa, ikaiua papo hapo. Kazi ya saa nzima ikapotea. Hakunigombeza, alinitazama tu. Nami sikuwa na la kumwambia.

Tangu siku ile nikaanza kusoma kwa makini, nikaona kwamba nilikuwa nimeziba njia ya mlimani, hali kilichotakiwa ni kupunguza safari. Dawa yake ipo. Katika Linux kuna tarakimu moja iitwayo vm.swappiness, ambayo kwa kawaida huwekwa 60. Wengi hudhani maana yake ni kwamba mashine itaanza kupandisha mizigo kumbukumbu ikifika asilimia 60. Sivyo hata kidogo. Ni kipimo cha kupima baina ya mizigo ya namna mbili. Mezani kwa mama mdogo kuna magunia ya dagaa, na kuna mifuko mitupu ya kufungia. Mifuko ikizidi waweza kuitupa tu, maana nyumbani iko mingine kama hiyo. Ukiihitaji utapanda mara moja. Gunia la dagaa huwezi kulitupa: utalipandisha, kisha utalishusha. Kurasa zilizosomwa kutoka kwenye mafaili ni mifuko, kwa kuwa nakala yake iko katika diski. Kazi ambayo mtu anaiandika sasa hivi ni dagaa. Tarakimu ikiwa kubwa, mfumo hupandisha dagaa upesi. Ikiwa ndogo, hutupa mifuko kwanza.

Maoni yangu ni kwamba mashine zetu ziwekwe 10. Wenzangu wengine wanataka 0, nami nawapinga. Ukitupa mifuko yote, kila mteja akija utapanda mlima kufuata mfuko mmoja, na huo nao ni ukwamaji. (Tangu Linux 5.8 ya mwaka 2020 tarakimu hii yaweza kufika 200, lakini hiyo yawafaa wale ambao swapu yao ni nyepesi kuliko diski, kama wanaoikunja mizigo na kuibana humo humo ndani ya kumbukumbu.)

Pia tusiogope kuona swapu ina kitu ndani yake. Mwavuli ukikaa nyumbani kiangazi chote, nani atalalamika? Tazameni wingi wa safari. Andikeni vmstat 1, mtazame safu mbili, si na so (hizi si herufi za Kiswahili, msicheke). Zikikaa sifuri, mashine haipandi mlima.

Yuko atakayesema mambo haya ni ya Wazungu na mafundi. Lakini mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kama jedwali laweza kusema Kiswahili, hata swapu yaweza kuelezwa kwa dagaa.

Sisemi kwamba tarakimu ni uganga. Mtu akifungua madirisha 20 katika gigabaiti 2, hakuna hesabu itakayomwokoa; ni kufunga 15, au kuongeza RAM. Hapa nawageukia wazazi wetu. Mkiambiwa mchangie kompyuta mpya, tafadhali ulizeni kwanza bei ya kuziongezea RAM hizi zilizopo. Shilingi iliyonunua kompyuta moja mpya yaweza kuwa imetosha mashine kadhaa.

Mwalimu wetu wa kompyuta amekubali kunipa mashine mbili Jumamosi ya kwanza baada ya gazeti hili kutoka, moja ya 60 na moja ya 10, tuzifungulie kazi ile ile mbele ya watu wote, kabla haijaamuliwa kitu gani kiende stoo. Yule wa Kidato cha Pili nimemwekea kiti cha mbele, na jedwali lake jipya ndilo tutakalolitumia, akiisha kulinakili pahali pengine.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne