Tuulizwe kabla ramani haijachorwa

Mashariki mwa Kongo tumezoea kuona bango la mradi kabla ya kusikia habari zake. Ramani inafika ikiwa imekwisha kuchorwa, jengo linasimama, funguo zinakabidhiwa. Paa likianza kuvuja, kila mtu anasema: "Hilo ni la shirika."

Njia nyingine ipo, tena si mbali. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011. Tunajua kwamba kutaja Rwanda leo kunagusa kidonda chetu. Lakini mawe yaliyoijenga ni ya volkano za Virunga, ndugu ya yale tunayoyakanyaga Goma. MASS Design Group, shirika la wasanifu majengo lisilotafuta faida, liliichora kwa kushirikiana na Partners In Health na Wizara ya Afya. Udongo ulichimbwa kwa mikono ili wenyeji wengi wapate mshahara. Mawe yaliyowasumbua wakulima mashambani yakawa kuta.

Wasanifu nao walifundishwa. Kwa watumishi wa afya walijifunza kwamba wagonjwa wanaosongamana katika koridoo lisilo na hewa huambukizana kifua kikuu. Basi wakaweka njia nje ya jengo na madirisha makubwa. Kwa waashi walijifunza jiwe lenyewe linavyokubali kupangwa.

Hata kwetu Kongo, shirika hilo lilijenga shule ya msingi ya Ilima, Tshuapa, pamoja na African Wildlife Foundation, kwa mafundi wa hapo na vifaa vya msitu wa hapo.

Hata hivyo tuwe macho. Kubeba mawe peke yake hakumfanyi mtu kuwa mshiriki. Anaweza kuwa kibarua tu. Raia hushiriki anapoulizwa mlango uelekee wapi, na anapojua fedha ni ngapi. Aliyezoea kuuliza hivyo kuhusu zahanati hataogopa kumwuliza mkuu wa mtaa kuhusu barabara na kodi.

Baada ya Nyiragongo kulipuka mwaka 2021, na baada ya vita, kazi ya kujenga upya ni kubwa. Makanisa yanasimamia shule na vituo vya afya vingi nchini, kwa hiyo sharti hili lianzie kwetu: mkutano kabla ya ramani, bajeti isomwe mbele ya watu, na akina mama wanaoteka maji wawemo katika kamati. Mfadhili akikataa hayo, tumwombe asubiri.