Zamu ya Majina ya Wafalme

Mtoto wa Kimisagara, Kigali, asomapo historia huwauliza wazazi: mbona majina ya wafalme wa Rwanda yanajirudia? Jina la kutawalia lilikuwa wajibu, si pambo. Kigeri na Mibambwe walikuwa wafalme wa vita. Yuhi, wa moto wa jadi. Mutara na Cyilima, kwa kupokezana, wa ng'ombe. Kigeri IV Rwabugiri alifuatwa na Mibambwe IV Rutarindwa, aliyepinduliwa mwaka 1896, akatawazwa nduguye, Yuhi V Musinga. Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga, wakamweka mwanawe, Mutara III Rudahigwa. Huyo alifariki mwaka 1959 bila mtoto. Nduguye, Kigeri V Ndahindurwa, akashika zamu. Ufalme ulifutwa mwaka 1961, kabla Mibambwe hajafikiwa. Wazazi, mfundisheni mtoto zamu hiyo. Hatamchanganya mjukuu na babu.