Jasho la Jikoni Nalo ni Jasho

Jamani waandishi wenzangu, mpaka lini tutaandika hadithi ambazo mke akiachwa anaondoka na sanduku moja na watoto wawili, na msomaji anaona kawaida? Mimi nakataa!

Nenda hapa Mwaloni Kirumba, uliza mtumbwi ni wa nani. Utaambiwa ni wa Bwana Fulani. Sawa. Lakini dagaa nani kaanika? Nani kapika, kafua, kalea, Bwana akalala mchana ili usiku akawashe karabai ziwani? Ndoa ikivunjika, eti mama wa watu anaulizwa, "Kwani wewe ulikuja na nini?"

Swali hilo lilishajibiwa zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inataka mchango wa kila mmoja upimwe, uwe wa fedha, mali au kazi, kisha mahakama ielekee kwenye usawa. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Ila Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu: ilionekana hela alizopewa na mumewe za biashara alizitapanya. Haya, na mume anayemaliza faida ya dagaa kilabuni, yeye nani humkata fungu?

Hadithi ndiyo hiyo, ndugu zangu! Ukimwandika mke wa mvuvi, mpe daftari la hesabu, siyo machozi matupu. Asiyejua fungu lake atalidaije?